Fainali ya Kombe la Shirikisho ikichezwa mkoani: namna ya kwenda, kushangilia na kurudi salama

Nawaandikia wenzangu wa mikoani, hasa sisi ambao timu zetu hazifiki fainali kila mwaka. Shabiki wa Yanga au Simba ana tawi lenye mwenyekiti, mabasi na ngoma, na popote aendapo atakuta tawi jingine limeshampokea. Sisi wa Coastal Union, wa Mtibwa, wa Namungo, wa Lipuli, tunajipanga wenyewe. Mimi ni fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga, na kwenye kundi letu la kina mama wa Coastal ndiye ninayekusanya nauli na kutafuta pa kulala. Haya ndiyo ninayowaambia wenzangu kila kombe linapofika robo fainali.

Kwanza tuelewane kuhusu kombe lenyewe. Lilirudi msimu wa 2015/16 kwa jina la Azam Sports Federation Cup, na tangu 2024 linaitwa Kombe la Shirikisho la Benki ya CRDB. Ni mtoano: ukifungwa umetoka. Zinaingia timu za Ligi Kuu na za madaraja ya chini hadi mabingwa wa mikoa, na anayelibeba hupewa nafasi ya kuiwakilisha nchi Kombe la Shirikisho Afrika. Mwaka 2020 Simba walikuwa na ubingwa wa ligi tayari, kwa hiyo Namungo waliofungwa 2-1 kwenye fainali ndio wakaenda Afrika, na wakafika hatua ya makundi. Kwa hiyo asikuambie mtu kwamba timu ndogo inakwenda fainali kutalii.

Kinachonifanya nilipende kombe hili kuliko hata ligi ni kwamba fainali yake inatembea. Ya 2016 ilikuwa Dar es Salaam, Yanga wakaifunga Azam 3-1. Baada ya hapo ikaenda Jamhuri Dodoma 2017, Sheikh Amri Abeid Arusha 2018, Ilulu Lindi 2019, Nelson Mandela Sumbawanga 2020, Lake Tanganyika Kigoma 2021, ikarudi Arusha 2022, ikaja kwetu Mkwakwani 2023, kisha Amaan Zanzibar 2024 na 2025. Mtu wa Lindi aliyewaona Azam na Lipuli wakigombea kombe pale Ilulu hakulipa hata nauli ya basi. Hicho ni kitu kikubwa, na natamani kisikome. Lakini maana yake nyingine ni kwamba wewe unayetoka mbali utaikuta fainali kwenye mji usioujua, uwanja mdogo, na vyumba vya kulala vichache. Kila ninachokushauri hapa chini kinatokana na hilo.

Anza kabla ya nusu fainali

TFF, shirikisho la soka nchini, wakishataja uwanja wa fainali, usingoje kujua timu yako imefika. Piga simu gesti siku hiyo hiyo. Timu ikitolewa utapoteza malipo ya awali ya chumba. Ikifika, utakuwa na mahali pa kulala wakati wenzako wanatafuta. Yanga au Simba wakiingia fainali, mji wowote nje ya Dar hujaa siku mbili kabla, na bei ya chumba hupanda kila saa.

Usitume hela kwa mtu wa gesti usiyemjua, halafu ukakaa ukisubiri. Tafuta mtu wenu anayeishi pale. Sisi watu wa Tanga tumetapakaa, Arusha na Moshi usiseme, hakuna mtaa utakaokosa Msambaa au Mbondei. Mwombe aende mwenyewe, aone chumba, alipe, achukue risiti yenye jina lako na tarehe, akutumie picha. Na siku ya safari apite tena asubuhi kuhakikisha. Kuna gesti iliwahi kumpa mtu mwingine chumba ambacho kundi letu lilikuwa limelipia, kwa sababu huyo aliyekuja aliongeza dau. Kilichotuokoa ni risiti na yule ndugu aliyesimama pale kaunta akagoma kuondoka mpaka chumba kikapatikana. Chagua gesti ambayo unaweza kutembea kwa miguu kutoka uwanjani. Ziko za bei nafuu zaidi pembeni ya mji, lakini usiku wa fainali bodaboda anakutajia bei anayoitaka.

Gari

Mkiwa zaidi ya ishirini, kodini Kosta. Mkiwa wachache, pandeni basi la kawaida, lakini kateni tiketi ya kwenda na ya kurudi kwa pamoja. Mkikodi, andikianeni na mwenye gari mambo matatu: dereva atalala wapi na kwa hela ya nani, mafuta yamo au hayamo, na gari litaondoka saa ngapi siku ya kurudi. Hilo la tatu ndilo linaloleta ugomvi. Dereva akishasikia mpira umekwisha anataka kuwasha.

Ondokeni siku moja kabla. Tanga hadi Arusha ni mwendo wa siku: Muheza, Segera, Korogwe, Mombo, Same, Moshi, ndipo uione Arusha. Tairi likipasuka kule Same mchana wa fainali, utaisikilizia mechi kwenye redio. Fainali mara nyingi huwa mwezi wa sita au wa saba, msimu wa machungwa ya Muheza, kwa hiyo chukueni gunia njiani. Machungwa ni maji na chakula kwa pamoja, na ukimpa mwenyeji wenu wa Arusha nusu ya gunia hatakusahau mwaka mzima.

Hesabu ya saa

Hapa ndipo naomba mnisikilize. Mechi ya ligi ikianza saa 10:00 jioni, saa 12:00 watu wako barabarani. Fainali haiko hivyo. Dakika 90, mapumziko na zile za majeruhi zinakufikisha karibu saa 12:00. Timu zikiwa sare hakuna kurudiana: zinaongezwa dakika 30, na kwenye saa 12:30 hivi ndipo refa anawaita manahodha kwa ajili ya penalti. Penalti zinaisha giza limeingia. Kisha medali, kisha kombe. Katika fainali 10 za 2016 hadi 2025, tatu zilivuka dakika 90: Simba na Mbao 2017, Yanga na Coastal 2022, Yanga na Azam 2024. Hizo mbili za mwisho zilifika penalti.

Kwa hiyo usipange kurudi usiku ule ule. Dereva aliyekaa juani mchana kutwa, akapiga kelele dakika 120, asikuendeshe usiku kutoka Arusha mpaka Tanga. Laleni. Na usitoke uwanjani kabla ya mwisho eti uwahi gari. Kigoma 2021, Simba na Yanga walikuwa bila bao mpaka Taddeo Lwanga alipofunga kwa kichwa mpira wa kona, mechi ikiwa imebaki kama dakika kumi. Waliotangulia stendi walisikia kelele tu.

Tiketi

Soma tangazo la TFF lenyewe, si picha iliyosambazwa kwenye magrupu. Tiketi za N-Card unanunua kwa simu au kwa wakala, na mlangoni kadi inasomwa na mashine. Kila mtu awe na kadi yake mkononi, na aipitishe kwa wakala siku moja kabla aone kama tiketi imeingia. Anayekuuzia nje ya geti kwa bei ya kuruka, mwache aende zake.

Kuhusu mahali pa kukaa: viwanja vyetu vya mikoani vina jukwaa kuu lenye paa upande mmoja, na kwingine kote ni mzunguko, hakuna paa. Mara nyingi jukwaa kuu lina mgongo kwa magharibi, kwa hiyo ukikaa mzunguko wa ng'ambo, jua la saa 10 linakuingia machoni kipindi chote cha kwanza. Kama hela ya jukwaa kuu haipo, wahi sehemu ya mzunguko inayopakana nalo. Pale Sheikh Amri Abeid kuna njia ya riadha kati yako na uwanja, kwa hiyo panda ngazi za juu. Ukikaa chini utaona migongo ya polisi na wapiga picha.

Cha kubeba

Khanga mbili. Moja ya kukalia, maana saruji ya mzunguko asubuhi ina umande na mchana inaunguza. Ya pili ya kujifunika. Mtu wa Tanga anayekwenda Arusha mwezi wa saba na blauzi ya mikono mifupi atatetemeka kuanzia saa 12 jioni, na Sumbawanga ni baridi zaidi ya hapo. Kofia. Chapati zilizokunjwa kwenye mfuko laini. Chupa za maji wanaweza kuzizuia getini, kwa hiyo kunywa kabla ya kuingia na uwe na hela ndogo ndogo za kununua ndani. Fataki, chupa za kioo na pombe acha kabisa. Mtu mmoja akikutwa nazo, kundi zima linasimamishwa.

Kina mama: nendeni msalani kwenye gesti, muda mfupi kabla ya kutoka. Vyoo vya wanawake kwenye viwanja vingi ni vichache, na saa ya mapumziko foleni haimaliziki. Beba taulo zako na karatasi. Vaa raba, usivae kandambili, utakanyagwa. Mwenye mtoto aandike namba ya simu kwenye karatasi aitie mfuko wa suruali wa mtoto, ila si mfukoni tu: ishone mdomo wa mfuko kwa nyuzi mbili tatu. Hiyo ni kazi ya dakika moja na nawafanyia wenzangu bure. Kubalianeni pia mahali pa kukutana baada ya mechi, pawe pa kudumu kama duka au kituo cha mafuta, si kwenye gari, kwa sababu gari linaweza kuhamishwa.

Getini na kushangilia

Muwe ndani saa mbili au tatu kabla ya mpira kuanza. Najua ni juani, najua watoto watalalamika. Lakini kwenye fainali ya 2022, Abdul Suleiman Sopu aliifungia Coastal bao la kwanza mapema kabisa, na kwenye ile ya Tanga 2023 bao pekee la Kennedy Musonda lilipatikana kipindi cha kwanza, watu wakiwa bado wanasukumana nje.

Sasa kushangilia, ambako ndiko kazi yetu ilipo. Timu yako ikicheza fainali na Yanga au Simba, uwanja unaoitwa wa katikati hauwi wa katikati. Kwenye fainali ile ya Arusha 2022, sisi Coastal na Yanga, tulizungukwa na njano na kijani pande zote. Hamwezi kuwashinda kwa wingi, kwa hiyo jipangeni.

Kaeni pamoja, na wahini ili iwezekane. Watu thelathini waliokaa sehemu moja wanasikika. Watu mia mbili waliotapakaa hawasikiki. Weka ngoma katikati ya kundi, si mbele, ili sauti iwafikie wote kwa wakati mmoja. Awepo kiongozi mmoja tu wa kuanzisha wimbo, anayejulikana, mwenye kifua. Msishindane nao wanapoimba, mtachoka bure ndani ya nusu saa. Ngojeni mpira ukisimama: kipa wao anapoweka mpira wa goli kiki, mchezaji anapotibiwa, kona yao inapookolewa. Hapo jukwaa la wengi hunyamaza kidogo, na ndipo nyinyi mpige. Mchezaji wenu aliye upande wa mbali atawasikia. Na msikae kimya timu ikifungwa. Yanga walipokuwa mbele 2-1 zikiwa zimebaki dakika chache, nilimwona bibi mmoja wa Chumbageni, mkongwe kuliko sisi sote, amesimama na khanga yake hewani anaita majina ya wachezaji mmoja mmoja kama anawaita watoto wake wale. Kundi likainuka naye. Sopu akasawazisha. Kwenye dakika za nyongeza akafunga la tatu, Coastal tukawa mbele 3-2, na mimi sijui niliimba nini pale. Yanga wakarudisha, ikawa 3-3.

Wapinzani msiwatukane. Usiku huo huo mtakuwa gesti moja, foleni moja ya chipsi, na kesho yake basi moja mpaka Segera.

Penalti

Refa akipuliza filimbi ya dakika 120, watu wengi hukimbilia nyuma ya goli litakalotumika. Usikimbie nao. Kwenye ngazi za kona ndiko watu wanakoangushana, na viwanja hivi vina njia nyembamba. Mshike mtoto mkono, baki ulipo. Upande wa goli huamuliwa kwa kurusha sarafu, na mara nyingine ni goli la mbali nawe, hakuna la kufanya. Angalia miguu ya kipa badala ya mpigaji. Kwa mbali utaona anahamia upande gani kabla hujaona mpira ulikokwenda.

Kila timu inapiga tano, zikibaki sawa wanaendelea moja moja. Zanzibar 2024 Yanga na Azam walimaliza 0-0 na penalti zikafika 6-5. Sisi Arusha ziliisha haraka, 4-1, kombe likaenda Jangwani kwa Yanga. Nawaomba: mkifungwa kwa penalti, msitoke. Bakini wachezaji wenu wachukue medali zao za fedha wakiwaona. Sopu alifunga mabao matatu kwenye fainali na akakosa kombe. Muda mfupi baadaye alikuwa mchezaji wa Azam. Ile ilikuwa nafasi yetu ya mwisho kumpigia makofi akiwa na jezi yetu, na waliobaki walimpigia mpaka mikono ikauma.

Baada ya hapo toka taratibu, nusu saa baada ya wengine. Hesabuni watu mahali mlipokubaliana, kwa majina, si kwa idadi. Kuleni kitu cha moto. Mtori wa Arusha usiku ule unafufua.

Fainali ikija mjini kwenu

Juni 2023 ilikuja kwetu, Yanga na Azam. Hapo kazi inageuka. Mwenye chumba cha ziada akikodishe kwa bei ya haki na aandike risiti. Mama lishe aongeze sufuria mara tatu kuanzia siku moja kabla, na apike vya kwetu, maana mgeni akija Tanga anauliza samaki wa kukaanga na wali wa nazi. Mwenye cherehani ashone bendera na vitambaa vya kichwa vya timu zote mbili, hata kama si timu yake. Onyesha wageni msikiti, kanisa, duka la dawa na kituo cha polisi kabla hawajauliza. Na nenda uwanjani, hata kama timu yako haimo. Kuna watoto wa Tanga ambao siku ile ndiyo mara yao ya kwanza kuona kombe likinyanyuliwa kwa macho yao.

Ikiwa Zanzibar au mbali zaidi

Kwa Amaan, boti ndiyo kila kitu. Kata tiketi ya kurudi kabla ya kuondoka Dar, beba kitambulisho halisi na si picha kwenye simu, na mechi ikiwa ya usiku ujue hakuna boti ya kukurudisha usiku ule, kwa hiyo tafuta chumba mjini Unguja mapema. Mavazi ya heshima mtaani. Jezi na suruali ndefu au khanga inatosha. Ikirudi Dodoma, watu wa Dar na Morogoro wana treni ya SGR sasa, na ni nafuu kuliko kukodi gari. Kigoma na Sumbawanga tenga siku mbili za kwenda na mbili za kurudi, na omba ruhusa kazini mapema.

Sisi kina mama wa Ngamiani tunachangia kidogo kidogo kila Jumapili kuanzia raundi ya kwanza. Anayeweka hela ni mmoja, anayeandika daftari ni mwingine, na Coastal ikitolewa kila mtu anarudishiwa chake mbele ya wote. Wa mitaa mingine mnakaribishwa. Njooni na daftari lenu.